Hadaa ya Robota Lililovishwa Nailoni

Kila kiangazi kinapokaribia katika nyanda za juu za Kenya, na majani ya kandokando ya njia yakaanza kugeuka rangi, husikika tena kauli moja ambayo kwa kurudiwarudiwa imekwisha kupata heshima ya sheria: kwamba adui wa saileji, yaani malisho yaliyovundikwa, ni hewa, kwamba dawa ya hewa ni nailoni, na kwa hiyo mfugaji aliyekubali kuvundika malisho yake katika marobota yaliyozungushiwa nailoni ameagana na hasara, ilhali mwenziwe anayeng'ang'ania shimo la babu yake ni mtu wa kuhurumiwa. Kauli hii husemwa na wauza mashine, jambo lisilo la ajabu, maana kila mchuuzi husifu bidhaa yake. Husemwa na wauza marobota, ambao nao wana haki ya kutafuta riziki. Lakini siku hizi husemwa pia na maafisa wa ugani, na viongozi wa vyama vya ushirika, na wafugaji wenyewe wanapongoja zamu zao kwenye kituo cha kupimia maziwa, na hapo ndipo inapostahili kujibiwa, kwa kuwa sasa inaaminiwa na yule anayeilipia.

Insafu yataka hoja ya mtu ielezwe kwa nguvu zake zote kabla haijavunjwa. Wanasema hivi: shimo lataka kuchimbwa, kutandikwa karatasi na kushindiliwa kwa trekta au kwa miguu ya jamaa nzima, na likisha kufunuliwa, uso wake hukaribisha hewa kila siku, hata mwenye ng'ombe wawili asiyeweza kumaliza kiasi cha kutosha kila kutwa hujikuta analisha uvundo. Robota, wanasema, hufunguliwa moja, likaliwa likaisha, na mengine hubaki yamefungwa. Laweza kupakiwa, kuuzwa, kukopwa na kulipwa. Wala halihitaji kiwanja cha kuchimba, nacho kiwanja huko Kiambu kimekatwakatwa hata mtu hana pa kuzika paka. Fauka ya hayo, wakulima wa Ulaya ya kaskazini wamefanya hivyo tangu miaka ya 1980, na ng'ombe wao hutoa maziwa ambayo wengi wetu huyasoma magazetini tu. Hiyo ndiyo hoja, wala si hoja ya wapumbavu. Taksiri yake ni kwamba kila kipande chake ni nusu ya habari, na nusu iliyofichwa ndiyo yenye gharama.

Kwanza: kazi ambayo nailoni haiifanyi

Malisho hayavundikwi na karatasi. Yanavundikwa na bakteria wa asidi ya laktiki, ambao tayari wamo juu ya majani tangu kondeni, na ambao pasipo hewa huila sukari ya mmea na kuigeuza asidi, hata uchachu wa lundo ukafika kipimo cha pH cha 4 au karibu yake, mahali ambapo vijidudu vingi vya kuozesha hukosa nguvu. Ili kazi hiyo itimie yatakiwa mambo manne: sukari ya kutosha, unyevu wa kadiri, majani yaliyokatwa mafupi na kushindiliwa hata pasibaki nafasi, na upesi baina ya kukata na kufunga. Nailoni haimo katika manne hayo. Yenyewe huja mwisho, kama bawabu anayewekwa mlangoni baada ya nyumba kujengwa, na bawabu hodari wa nyumba mbovu hulinda ubovu. Hewa iliyokwisha kufungiwa ndani ya robota legelege haitolewi na nailoni hata ingezungushwa mara ishirini. Hutumiwa na majani yenyewe, ambayo bado yanapumua, yakaunguza ile sukari ambayo bakteria wangeigeuza asidi, na robota likapata joto kabla halijafika ghalani.

Tuchukue matete, ambayo wafugaji wengi huyaita nepia, na ambayo ndiyo tegemeo la mwenye ng'ombe wachache. Yakiwa mabichi, aghalabu zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ni maji, na sukari yake ni haba. Ukiyafunga yalivyo, unawafungulia karamu bakteria wa jamii ya klostridia, ambao hawahitaji hewa hata kidogo, nao huichukua asidi njema ya laktiki na kuigeuza asidi ya butiriki, yenye harufu ya siagi iliyooza, ambayo ng'ombe mwenye akili huinusa na kugeuza shingo. Hapo nailoni, kwa kuizuia hewa kwa uaminifu mkubwa, imewalinda waharibifu. Ndiyo sababu nyasi zinazokusudiwa kufungwa marobota zapaswa kunyaushwa kwanza juani, mpaka sehemu kavu, yaani kile kinachobaki maji yakiondolewa, ifike baina ya asilimia 40 na 60. Na mahindi, ambayo yana wanga na sukari zaidi, yapaswa kuvunwa punje zikiwa zimetoka katika hali ya maziwa na kuingia ya ugali laini, sehemu kavu ikiwa asilimia 30 hadi 35. Haya hayaandikwi juu ya nailoni, wala hayasemwi kwenye maonyesho ya kilimo, ambako mashine huzungushwa mbele ya umati unaopiga makofi na ambako hakuna anayeuliza kilichomo kilikatwa lini.

Na tazama mkanganyo. Mtu yuleyule anayekuapia kwamba nailoni imemaliza kazi, ukimfuata nyuma ya ghala utamkuta anamimina molasi na kunyunyiza bakteria wa dukani kabla ya kufunga. Ikiwa nailoni yatosha, molasi ni ya nini? Na ikiwa molasi yahitajika, kwa nini sifa yote yaandikwa kwa jina la nailoni?

Pili: umbo la robota

Hoja hii ya pili ni ya hesabu, nami nitaikawilia, kwa sababu sijaisikia ikitajwa na hata mmoja wa wasifu marobota, ingawa yamo ndani yake mambo yote wanayopaswa kuyajibu.

Robota dogo linalotolewa na mashine nyingi za mahindi zilizoenea kwetu lina kipenyo cha sentimita 55 hivi, na urefu wa sentimita 52 au karibu yake, na uzito wa kilo 60 au kuzidi kidogo. Basi na tuulize: ni sehemu gani ya malisho hayo iliyo ndani ya sentimita 10 kutoka kwenye nailoni? Ondoa sentimita 10 kila upande, na kitakachobaki katikati ni mcheduara wenye kipenyo cha sentimita 35 na urefu wa sentimita 32, ambao, kwa hesabu ambayo mtoto wa skuli aweza kuihakiki, ni robo tu ya robota zima. Robo tatu za malisho, basi, zimekaa jirani na ngozi, umbali usiozidi kiganja cha mkono kutoka kwenye hewa, jua, ukucha wa panya na mdomo wa kunguru. Katika robota kubwa la Ulaya, lenye kipenyo na urefu wa sentimita 120, sehemu iliyo katika hatari hiyo ni asilimia 42. Nalo shimo la urefu wa mita 10, upana wa mita 3 na kina cha mita moja na nusu huchukua mita za ujazo 45, na uso wake wa juu, ambao ndio ulioelekea hewani, ni mita za mraba 30. Mita hizohizo 45 zikifungwa katika marobota madogo hutoa marobota zaidi ya 360, na ukizikunjua ngozi zake zote ukazitandaza chini utapata kama mita za mraba 500.

Mita za mraba 500 za kulindwa, badala ya 30! Na anayeambiwa azilinde ni mfugaji mdogo, asiye na ghala, asiye na sakafu ya saruji, asiye na paka wa kutosha. Kwa maana robota kubwa haliwezi kubebwa bila trekta, kwa hiyo hilo huenda kwa mwenye trekta, na dogo, lenye ngozi zaidi ya maradufu kwa kila mita ya ujazo, huletewa mnyonge kwa jina la kumwauni. Tundu la kunguru katika turubali la shimo huharibu beseni moja la malisho, na mwenye shimo huliona, akalitupa, akaziba. Tundu hilohilo katika robota la kilo 60 laweza kuliharibu karibu lote, na mwenyewe asijue mpaka siku ya kulifungua, ambayo aghalabu ni siku asiyokuwa na jingine.

Wanasema: lakini robota hufunguliwa likaisha, shimo hukaa wazi. Vema. Robota la kilo 60 lenye sehemu kavu ya asilimia 30 lina kilo 18 tu za chakula kikavu. Ng'ombe wa kilo 400 hula kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, lakini saileji haiwi chakula chake chote, kwa kuwa hupewa pia nyasi kavu na chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Basi mwenye ng'ombe mmoja hukaa na robota lililofunguliwa siku mbili, tatu, pengine nne, katika nchi ambayo saileji iliyopata hewa huanza kupata joto upesi. Yule aliyekimbia uso wa shimo amejinunulia uso mwingine, naye hufungua mpya kila baada ya siku chache.

Tatu: matabaka, na safari

Kila ikibanwa, hoja hii hukimbilia Ulaya. Basi na twende nayo hukohuko. Nailoni ya kufungia ni nyembamba mno, kwa kawaida mikroni 25, nayo huvutwa wakati wa kuzungushwa hata ikazidi kuwa nyembamba, kila mzunguko ukiufunika uliotangulia kwa nusu. Matabaka manne ni kiwango cha chini kabisa. Sita ndiyo yanayoshauriwa na wengi, na mmea wenye mashina magumu wataka zaidi, kwa maana shina hutoboa kutoka ndani. Aidha yapasa robota livishwe siku ileile lilipofungwa, tena kila saa inayopita hupunguza faida. Hata kwa masharti hayo, watafiti wa Ireland, nchi ambayo marobota ya saileji yameenea kila konde, walipoyakagua mashambani walikuta ukungu wa kuonekana kwa macho katika mengi mno. Na madaktari wa mifugo wa Uingereza wamewahi kuuhusisha ugonjwa wa listeria wa kondoo na saileji ya marobota, kwa sababu kijidudu chake hupenda mahali ambapo uchachu haukutosha na hewa kidogo imepenya. Hao ni watu wenye jua dhaifu, mashine mpya na ruzuku ya serikali.

Huku kwetu tabaka ndilo jambo la kwanza kupunguzwa biashara inapobana, kwa sababu mnunuzi hawezi kuyahesabu kwa macho. Kitu kinachosifiwa kuliko vyote ndicho kinachoibwa kabla ya vyote! Muuzaji aliyepunguza matabaka sita yakawa matatu ameongeza faida yake mara moja, nayo hasara itatokea miezi mitatu baadaye, katika zizi la mtu mwingine, ambako italaumiwa panya.

Kisha kuna safari. Robota la Ulaya aghalabu huvishwa karibu na mahali litakapolala, likapangwa kwa mashine yenye vishikio laini, likaachwa hapo mpaka siku ya kuliwa. La kwetu limefanywa bidhaa. Hufungwa Nakuru au Uasin Gishu, likatupwa juu ya lori, likateremshwa kwa dalali, likapakiwa tena kwenye pikapu, na mwisho likamalizia kilima kwa mkokoteni au nyuma ya bodaboda, limefungwa kwa mpira wenye kulabu za chuma. Kila mkono unaolipokea hulishika pale penye kushikika, na kulabu haina adabu. Baada ya hayo huegemezwa ukutani, chini ya jua la ikweta, ambalo huipasha nailoni moto hata ikapitisha hewa kwa wepesi zaidi, na mnunuzi akaambiwa kwamba litakaa miaka miwili. Ahadi hiyo ya miaka miwili, wasomaji wangu, haina tarehe, haina sahihi, na haina mahali pa kuirudishia.

Nne: maji yanayosafirishwa kwa bei ya chakula

Nimesema robota la kilo 60 lina kilo 18 za chakula. Zilizobaki, kilo 42, ni maji: mitungi miwili ya lita 20 na jagi juu yake, ambayo mfugaji wa Kiambu huyalipia nauli kutoka Bonde la Ufa, wakati mvua ya kwao imejaa kisimani. Nauli hiyo hailipwi na mwenye shimo, ambaye saileji yake haikuvuka hata ua.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba marobota huuzwa kwa idadi au kwa uzito, na bei haitaji sehemu kavu. Muuzaji akikata mahindi mapema, sehemu kavu ikiwa asilimia 22, robota lake litakuwa na uzito uleule wa kilo 60, litavishwa nailoni ileile, litauzwa kwa bei ileile, na ndani yake mna kilo 13 za chakula mahali pa 18. Hiyo ni hasara ya zaidi ya robo, iliyotokea kabla panya hajazaliwa, na hakuna nailoni duniani inayoizuia. Bali nailoni ndiyo inayoisitiri, kwa kuwa malisho yaliyo wazi mtu huyashika, huyanusa na kuyakamua mkononi, na yaliyovishwa huyapokea kwa imani. Tena mfugaji atakayeona maziwa yamepungua hatalishuku robota, maana robota amekwisha kuhakikishiwa. Atamshuku ng'ombe, kisha mchungaji, kisha mke wake aliyekamua.

Na pale ukungu unapoingia, mambo hayaishii kwenye maziwa kupungua. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu ya aflatoksini yaliua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa Kenya, na tangu hapo hakuna asiyejua kwamba ukungu wa nafaka ni mauti. Ila wachache hukumbuka kwamba ng'ombe aliyelishwa sumu hiyo hutoa sehemu yake katika maziwa. Mwenye shimo huyaona malisho yaliyooza kwa juu na pembeni, akayatenga. Mwenye robota moja lililobaki, lililolipiwa kwa mkopo wa ushirika, akiona mabaka meupe na ya kijani chini ya nailoni, ataambiwa na nani ayatupe?

Tano: takataka

Hapa nitapita haraka, maana kila mmoja amekwisha kuziona. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na adhabu yake ikawekwa hadi faini ya shilingi milioni 4, hata mama muuza vitunguu akajifunza kufunga kwa gazeti. Nailoni ya robota haikuguswa. Ikisha kukatwa haifungiki tena, tofauti na turubali la shimo linaloweza kukunjwa na kungoja msimu mwingine. Imepakwa utomvu na udongo, haina mnunuzi, kwa hiyo huchomwa nyuma ya zizi au hupeperushwa na upepo. Vipande vyake huliwa na ng'ombe walewale walionunuliwa malisho, vikajikusanya tumboni, ambako haviyeyuki wala havitoki. Gharama hiyo haimo katika bei ya robota, na daktari wa mifugo anayeitwa usiku hatumi hati ya madai kwa aliyeuza.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba mashimo nayo huoza, na kwamba wafugaji wengi walioyachimba waliyaacha. Ni kweli, huoza. Nayo huoza kwa sababu zilezile nne zinazoyaozesha marobota: majani marefu, unyevu kupita kiasi, ushindiliaji wa ajizi, na siku tatu za kujaza kazi iliyopaswa kuisha kwa siku moja. Aliyeshindwa kushindilia shimoni hakupata maarifa mapya kwa kununua nailoni. Na fedha zinazomwagwa katika kuyatangaza marobota, lau zingetumika kumfundisha mfugaji kukata majani kwa urefu wa sentimita mbili, kukamua konzi ya malisho kabla ya kuyafunga, na kukodi kwa zamu mashine moja ya kukatia kwa kijiji kizima, zingepunguza uozo katika shimo na katika robota pia.

Nitaambiwa tena kwamba asiye na ardhi hana budi kununua. Huyo namhurumia, na ndiye ninayemwandikia. Ndugu yangu, maadamu wanunua, usinunue ngozi. Mwambie muuzaji afungue robota moja, ulichague wewe, lisiwe lile alilokuwekea mbele. Kamata konzi, uikamue: maji yakichuruzika vidoleni, rudisha pesa zako mfukoni. Nusa: harufu iwe ya uchachu mzuri, isiwe ya siagi iliyooza wala ya tumbaku iliyoungua. Dai risiti inayotaja siku ya kukata, idadi ya matabaka na sehemu kavu, na sharti la kurudisha lililotoboka. Nawe kiongozi wa ushirika, unayekata fedha za marobota kutoka katika malipo ya maziwa ya wanachama wako kila mwisho wa mwezi, kataa kununua kwa idadi. Nunua kwa kilo ya chakula kikavu, na asiyekubali kupimwa umwache aende na marobota yake.